Mikro-onde juu ya grupu: namba za moto zinafanya kazi gani?

Lubutu, sawa na sehemu nyingi za Maniema, watu wanapika kwa makala na kuni. Mwenye mikro-onde anaitumia zaidi kwa kupasha moto chakula cha asubuhi, na umeme wake mara nyingi unatoka kwa grupu ao kwa pano za sola. Hapo ndipo namba za moto, yaani 100, 80, 50 na 30, zinadanganya watu wengi.

Wengi wanafikiri kwamba ukiteremsha hadi 50, mashine inakula nusu ya umeme. Katika mikro-onde za kawaida si hivyo. Inawaka kwa nguvu yote sekunde kadhaa, inakatika, kisha inawaka tena. Sikiliza vizuri: mlio unaingia na kutoka, hata kama taa na sahani ya ndani vinaendelea. Tena, wati 800 zilizoandikwa juu ya mashine ni zile zinazoingia katika chakula. Kwenye prizi inaomba 1200 ao zaidi. Kwa hiyo grupu ya wati 950 itazidiwa kwa 30 sawa na kwa 100, na konvertisa ya sola vilevile. Ni zile tu zenye kuandikwa «Inverter» ndizo zinapunguza umeme kweli.

Basi kwa nini kuteremsha? Ni juu ya chakula chenyewe. Mawimbi yanaingia sentimita chache tu; katikati kunapata moto pole pole kutoka pembeni, na moto mdogo unapa joto nafasi ya kufika huko.

Muchele unakubali 100: nyunyizia mayi kidogo, funika, dakika mbili kwa sahani moja. Mchuzi mwepesi pia. Lakini sombe na maharagi ni vizito. Kwa 100 vinaruka na kuchafua ndani yote, huku katikati ni baridi. Weka 50 ao 60 na ukoroge kila dakika. Samaki apashwe kwa 50, la sivyo anakauka kama ubao. Nyama iliyoganda inataka 30, ukiigeuza-geuza, na ipikwe palepale. Yai lenye ganda usiliingize hata kidogo: linapasuka. Na sahani ya aliminiyomu ibaki nje.

Sombe mbichi ni jambo lingine. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu katika sufuria. Mikro-onde haichukui nafasi ya kazi hiyo.

Maziwa ya mtoto yasipashwe ndani yake. Chupa inaweza kuwa vuguvugu kwa mkono wakati maziwa ya ndani yanaunguza kinywa. Ni bora kuiweka ndani ya mayi ya moto.

Chakula kikitoka, kiache dakika moja ao mbili, ukoroge, uangalie kama mvuke unatoka kila upande. Katikati kunapaswa kufika digrii 74.

Kinachobaki ni muchele wa jana uliolala mezani usiku kucha. Ndani yake kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus kinaweza kuacha sumu isiyokufa kwa moto, hata ukiweka 100 dakika kumi. Matapishi yanaweza kuanza saa moja tu baada ya kula. Nyumba isiyo na friji ipike muchele wa siku hiyo tu, na uliolala nje utupwe.