Waziri Asiyelala na Mama Aliyeota Ndoto

Mwishoni mwa Februari 1895 Waziri Mkuu wa Uingereza alishikwa na mafua makali. Homa ilimwachia. Usingizi haukurudi. Wiki ya kwanza akakesha, ya pili akakesha, na mambo yakaendelea hivyo kwa miezi. Daktari wake, Sir William Broadbent, mmoja wa mabingwa wa London wakati ule, akaingiwa na hofu kwamba mtu huyu angekufa au angeharibikiwa akili.

Lord Rosebery alikuwa na miaka 47, tajiri kupindukia, mpenda vitabu na farasi. Mwaka huohuo farasi wake Sir Visto alishinda mbio za Derby, na mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda na farasi mwingine, Ladas. Kwa kifupi, si mtu ambaye ungesema amekosa kitu. Juni serikali yake ikaangushwa bungeni kwa kura moja ndogo iliyohusu akiba ya baruti, jambo ambalo serikali imara ingeweza kulipuuza kabisa. Yeye aliondoka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Miaka kadhaa baadaye bado alikuwa anaandika juu ya usiku wa 1895 kama mtu anayesimulia mateso ya gerezani.

Msomaji wa Kampala au Mombasa ana sababu yake ya kumfahamu bwana huyu. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Rosebery ndiye aliyeshikilia kwamba Uingereza isiiachie Uganda, wakati wenzake kadhaa serikalini walitaka kuondoka. Uganda ikatangazwa kuwa nchi ya ulinzi mwaka 1894 yeye akiwa Waziri Mkuu. Ulinzi wa Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, ukatangazwa tarehe 1 Julai 1895, siku chache baada ya yeye kuachia ofisi, kwa uamuzi ulioandaliwa na serikali yake. Sisemi kwamba tulitawaliwa kwa sababu mtu alikosa usingizi. Nasema tu kwamba miezi ile ramani yetu ilikuwa juu ya meza ya mtu aliyekuwa anakesha.

Tena hakuanzia na mafua. Mke wake, Hannah, alifariki Novemba 1890 kwa homa ya matumbo, na tangu hapo usingizi wa Rosebery ulikuwa wa mashaka. Mafua ya 1895 yalikuta nyumba ambayo tayari ina ufa. Hili ndilo jambo linalonivuta katika historia ya majanga ya magonjwa. Tumezoea kusimulia dhiki ya akili wakati wa janga kama habari ya woga: watu wamesikia habari mbaya, wameogopa, basi. Lakini ukisoma kumbukumbu za zamani, mwili ndio unaotangulia: mapafu, usingizi, njaa, ugonjwa uliokuwapo kabla. Akili inafuata nyuma, na mara nyingi inafika homa ikiwa imeshaondoka.

Mafua yaliyompata Rosebery yalikuwa mkia wa janga lililoanza kusikika Saint Petersburg mwishoni mwa 1889. Kwa reli na meli za mvuke yalifika Paris na London kwa wiki chache tu, na yakarudi tena na tena miaka iliyofuata. Januari 1892 yalimuua Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria, akiwa na miaka 28. Madaktari wa Ulaya wakaanza kuandika habari za watu waliopona kifua lakini hawakupona wao wenyewe: wachovu bila kazi, wenye huzuni bila msiba, wasiolala, wengine wakijiua. Walilipa jambo hilo majina ya heshima, uchovu wa neva na mengineyo. Mtu wa tabaka la Rosebery akiwa na uchovu wa neva anapelekwa kupumzika shambani, anapewa dawa ya usingizi, na magazeti yanamwombea heri.

Ikaja 1918.

Katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Boston daktari kijana, Karl Menninger, alikusanya habari za wagonjwa kama mia moja waliopokelewa majira ya vuli wakiwa wamechanganyikiwa wakati wa homa ya mafua au baada yake. Alizichapisha mwaka 1919. Wengi waliandikiwa ugonjwa ulioitwa wakati ule *dementia praecox*, ambao leo tunauita skizofrenia, na kwa madaktari wa enzi zile jina hilo lilikuwa karibu sawa na hukumu: akili imekwenda, hairudi. Menninger hakuishia hapo. Baada ya miaka mitano hivi aliwatafuta tena wagonjwa wake, na mwaka 1926 akachapisha alichokikuta. Sehemu kubwa ya wale aliofanikiwa kuwapata walikuwa wamepona. Walikuwa kazini, majumbani kwao, watu wa kawaida. Yaani wazimu wao ulikuwa kama nimonia, kitu kilichoingia na kikatoka.

Norway inatusaidia zaidi, kwa sababu haikupigana vita ile, hivyo huwezi kusema ni mabomu tu yaliyowavuruga watu. Mtafiti Svenn-Erik Mamelund alipopitia takwimu za hospitali za akili za nchi hiyo, alikuta kwamba katika miaka sita baada ya janga idadi ya wagonjwa wapya ambao ugonjwa wao wa akili ulihusishwa na mafua ilipanda kwa wastani wa mara 7.2 kwa mwaka.

Sisi wapenda vitabu tunalijua janga hili hasa kupitia Katherine Anne Porter. Alikuwa mwandishi wa gazeti Denver alipougua 1918. Nywele zikapukutika, zikaota tena nyeupe. Hadithi yake *Pale Horse, Pale Rider* ilitoka 1939, na husomwa zaidi kama hadithi ya mapenzi na kifo. Mimi nikiisoma naona zaidi kurasa za mwisho, pale mgonjwa anapotakiwa afurahi kwamba amepona na hawezi. Na Porter naye kabla ya hapo alikuwa amekaa katika hospitali za wagonjwa wa kifua, akiambiwa ana kifua kikuu. Ufa ulikuwapo.

Lakini kisa kinachoninyima raha kiko kusini mwa bara letu.

Septemba 1918 meli mbili, *Jaroslav* na *Veronej*, zilitia nanga Cape Town zikiwa zimebeba wafanyakazi Waafrika wa jeshi waliokuwa wanarudi kutoka Ulaya. Baada ya siku chache homa ilikuwa imepanda treni. Afrika Kusini ilipoteza watu wapatao 300,000, wengi wao ndani ya mwezi mmoja tu wa Oktoba, na njia kubwa ya kusambaa ilikuwa reli zilizokuwa zinawarudisha vijana makwao kutoka migodini. Katika vijiji vya upande wa mashariki ya Cape, watu walikuwa wamechoka tayari kwa ukame na umaskini kabla mtu hajakohoa.

Kwenye kijiji cha Khulile, karibu na King William's Town, aliishi mjane wa Kixhosa, mjuzi wa mitishamba, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Jina lake Nontetha Nkwenkwe. Homa ilimwangusha akapoteza fahamu, na katika hali ile akaota ndoto nyingi. Alipoamka alisema ameelezwa kwamba ugonjwa huu ni adhabu, na kwamba kuna jambo kubwa zaidi linakuja watu wasipobadilika. Akaanza kuhubiri. Msisitize nini mhubiri wa kijijini? Acheni pombe, acheni uchawi, pataneni. Wasomi wa misheni na watu wa mila, ambao kwa kawaida hawakukaa meza moja, wote walimsikiliza. Kwa watu waliokuwa wamezika ndugu watatu kwa wiki moja, huyu mama aliwapa maelezo, na maelezo ni dawa.

Serikali ilisikia kitu kingine. Mei 1921, huko Bulhoek, polisi walikuwa wameua wafuasi wa nabii mwingine, Enoch Mgijima, karibu watu 200. Hawakutaka Bulhoek ya pili, wala hawakutaka kesi mahakamani. Desemba 1922 Nontetha akakamatwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Beaufort. Aliachiwa kidogo, akahubiri tena, akarudishwa. Madaktari wakamwandikia ugonjwa uleule wa wale wa Boston. Halafu, kwa kuwa wafuasi wake walikuwa wanafika hospitalini mara kwa mara, akahamishiwa Weskoppies, Pretoria, mwendo wa kilomita karibu elfu moja kutoka kwao.

Wafuasi wakatembea kwa miguu hadi Pretoria. Hebu fikiria safari hiyo: wiki nzima nzima barabarani, wanakwenda kumwona mama mmoja mgonjwa. Walifika, na wakarudi bila yeye. Nontetha alifia Weskoppies mwaka 1935, kwa saratani, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Familia ilipoomba mwili, wakubwa wakakataa. Ni wanahistoria wawili, Robert Edgar na Hilary Sapire, waliofuatilia habari zake. Kaburi likapatikana, na Oktoba 1998 akarudishwa kuzikwa Khulile.

Sijui kama Nontetha alikuwa mgonjwa wa akili, na nadhani swali lenyewe si zuri. Aliugua vibaya, katika nchi yenye njaa, akatoka na ndoto. Ninachoweza kufanya ni kuweka mafaili mawili pamoja. Lile la Boston lina mtu aliyerudi miaka mitano baadaye kuuliza, hivi yule mgonjwa anaendeleaje? Faili la Fort Beaufort halina swali hilo. Na Rosebery, ambaye mafua yalimvuruga miezi mingi, hakuna aliyemwandikia jina la ugonjwa wa kufungiwa. Alikuwa amechoka tu.

Huku kwetu hata faili hakuna. Mafua yalishuka Mombasa Septemba 1918 kwa meli zilizotoka India, yakafuata reli ileile iliyojengwa ili kuifikia Uganda ya Rosebery. Yaliwakuta watu gani? Waingereza walikuwa wamechukua wapagazi kwa mamia ya maelfu katika vita dhidi ya Wajerumani, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa walifika kama 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko risasi. Waliobaki walikuwa mifupa. Ugogo, majeshi yalikuwa yamekomba ng'ombe, nafaka na vijana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua watu kama 30,000. Juu ya miili hiyo ndipo homa ikapanda.

Je, usiku walikuwa wanaota nini? Nairobi ilikuwa na hospitali ya vichaa tangu 1910, Mathari, katika majengo yaliyokuwa karantini ya ndui. Ilikuwa ndogo, na mpagazi aliyerudi kijijini akawa haongei hakupelekwa huko. Alikaa tu chini ya mti, wakasema vita vimemharibu, au amerogwa, au mvivu. Nimeyasikia maneno hayo yakisemwa juu ya watu wengine kabisa, juzi juzi tu.

Maana 2020 tuliirudia hadithi. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba wenye magonjwa ya awali kama pumu, saratani na moyo walikuwa katika hatari zaidi. Watafiti wa Oxford walipitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 236,000 waliopona korona, wengi wao wa Marekani, wakakuta karibu theluthi moja walipewa ndani ya miezi sita utambuzi wa ugonjwa wa ubongo, neva au akili. Watafiti wa chuo kilekile walikuwa wameonyesha na upande wa pili: aliyekuwa na ugonjwa wa akili tangu mwanzo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua korona. Ufa na mvua, vyote viwili vinatafutana.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye pumu ya miaka mingi, aliugua mwaka ule akapona. Baada ya hapo akawa hakai ndani mlango ukifungwa. Usiku tulimwona kibarazani, khanga mabegani, anahesabu pumzi. Watu walimwambia kwa upendo kabisa: Mama, punguza woga, mwachie Mungu. Mimi pia nilimwambia hivyo. Alikuwa anaitikia, "Haya, mwanangu," halafu kesho yake usiku yuko pale pale.

Baadaye sana alikwenda kliniki kwa ajili ya dawa zake za pumu, na daktari mmoja, binti mdogo tu, akamwuliza kabla ya korona alikuwa analala saa ngapi. Akasema alitaka kucheka. Tangu mumewe afariki, miaka sita, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari za kulala.