Kabla Uongeze Turbo, Uliza Joginder Alifanya Nini 1965

Wasee, mwezi jana nilinunua gari. Datsun 160J, rangi ya chungwa iliyopauka, na chini ya boneti kuna injini ambayo si yake. Aliyeniuzia aliniambia hiyo ni mashine ya kweli, na ilipowaka mabati ya geti lake yakatetemeka, kwa hivyo nikaamini. Pesa ilikuwa ya kudunduiza miaka miwili. Kurudi nyumbani ikanizimikia mara tatu kwa jam ya Waiyaki Way, na ile mara ya tatu makanga wa matatu akaniuliza kama nauza kwa kilo.

Nilichofanya wiki iliyofuata ndicho vijana wengi wa gari tunafanya. Nilinunua vitu. Betri mpya. Plagi mpya. Nikaanza hadi kuulizia bei ya kabureta kubwa zaidi, juu kwa akili yangu gari ikikosa nguvu dawa ni kuongeza nguvu. Bado ilizima.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, halafu nitaimaliza hadithi ya Datsun.

Mwaka wa 1964 Wamarekani walikuja hapa kwetu na gari za V8. Si stori ya vijiweni, ilitokea. Kule kwao ndio ulikuwa mwaka ambao Pontiac ilitoa GTO na Ford ikatoa Mustang, yaani mwanzo wa zile gari za kifua kipana ambazo mnazijua kutoka kwa filamu. Mercury, ambayo ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo ya Ford, ilikuwa na gari inaitwa Comet. Mwishoni mwa 1963 walizipeleka Comet kwenye uwanja wa Daytona, Florida, wakazizungusha mchana na usiku hadi zikamaliza maili 100,000, karibu kilomita 160,000, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 165 kwa saa. Ukiwa na rekodi kama hiyo, utaogopa nini tena? Wakampa kazi Bill Stroppe wa California, fundi mwenye jina lake, aziandae, kisha zikaletwa kukimbia East African Safari.

Safari ile ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, msimu wa masika. Nani hajui matope ya masika? Mwaka mmoja kabla, 1963, ni gari 7 tu zilizomaliza kati ya zaidi ya 80 zilizoanza. Daytona ni lami, unazunguka, hakuna shimo, hakuna mto, hakuna ng'ombe. Basi Comet sita zikaanza, zikamaliza mbili, tena nyuma kabisa ya msafara. Aliyeshinda ni Peter Hughes kwa Ford Cortina GT, kagari ka lita moja na nusu.

Mmoja wa wale waliofikisha Comet mwisho alikuwa Joginder Singh. Mzaliwa wa Kericho, mtoto wa fundi. Mnamo 1958 alikuwa ameajiriwa na chama cha magari cha Afrika Mashariki kama mtu wao wa kwanza wa doria. Fikiria hiyo kazi: unazunguka barabarani ukitafuta watu waliokwama, kila siku gari tofauti, kila siku shida ya mtu mwingine, na huna spea zote. Unalazimika kujua inaumwa wapi kabla hujafungua kitu.

Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walirudi na Volvo PV544. Haikuwa mpya. Ilikuwa imetumiwa na timu ya kiwanda kwenye Safari ya 1964, ikaachwa huku. Umbo lake lilitoka miaka ya arobaini, inafanana na kobe, na Volvo yenyewe iliacha kuiunda mwaka huo huo. Silinda nne, lita 1.8. Ndugu hao wawili wakainunua, wakaitengeneza, wakaingia mbio bila timu ya kiwanda nyuma yao, wakashinda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, lakini mimi ile ya 1965 ndiyo inanikosesha usingizi. Alikuwa ameendesha V8 mwaka uliotangulia! Angeweza kusema shida ni nguvu kidogo. Akachukua gari iliyochoka ya mtu mwingine.

Rudi kwa Datsun. Baada ya betri mpya kushindwa nikashuka Grogan kwa mzee mmoja ambaye amefungua injini tangu kabla mamangu aolewe. Hakufungua boneti. Aliniuliza, "Kijana, hii gari ilikuwa mzima lini mara ya mwisho?" Nikamwambia sijui, mzee wangu, nimeinunua juzi. Akasema basi tuanze na yule aliyekutangulia.

Akaniambia niwashe. Stata ikalia polepole, kama mtu anaamshwa kwa nguvu. Akaweka vidole kwenye kebo ya akseli, akaniita nishike. Ilikuwa moto. Kebo ya akseli, ambayo haina kazi yoyote na umeme!

Hapa nimejifunza kitu. Injini inakaa juu ya raba, kwa hivyo umeme wa stata unahitaji waya mnene wa ethi kutoka kwa injini hadi bodi ili urudi kwa betri. Yule aliyebadilisha injini aliutoa ule waya na hakuurudisha. Umeme haukosi njia, ukapita kwenye kebo ya akseli. Mzee alichukua kebo ya kuazimana moto, akaunganisha injini moja kwa moja na hasi ya betri, stata ikazunguka kama ya jana. Waya wa shilingi mia chache. Betri niliyotupa ilikuwa nzima.

Mengine yalienda haraka. Kuzima kwa jam: paipu ya petroli ilikuwa imelala karibu na manifoldi ya ekzosi, kwa hivyo tukisimama petroli inachemka ndani ya paipu na kabureta inapokea mvuke. Tuliihamisha. Moshi mweusi: kabureta ilikuwa na jeti kubwa mno, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inakunywa petroli isiyoweza kuichoma. Plagi zangu mpya zilikuwa nyeusi kama makaa. Breki ngumu ikiwa sailensa: kamshafti ya mashindano. Hiyo inapunguza mvuto wa hewa ambao ndio unasaidia breki. Yaani mtu aliongeza mwendo akapunguza kusimama, na akaniuzia bila kusema kitu.

Najua kuna wale watasema ninaponda utamaduni wa kuongeza gari. Hapana, siku moja nitaweka turbo na nitawaonyesha. Lakini gari za familia ya 160J hii ndizo Shekhar Mehta alishinda nazo Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Shida nne nilizokuwa nazo, hakuna hata moja iliyotoka kiwandani. Zote ziliwekwa na mtu aliyetaka iwe kali zaidi, na mimi nilikuwa tayari kuongeza ya tano. Tena nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kwa hivyo hata ingepona nisingejua imeponywa na nini.

Kamshafti ya kawaida nimeipata, inangoja pesa ya fundi. Gari sasa inaenda Limuru na kurudi bila kuzima. Kumebaki waya mmoja wa buluu, unatoka nyuma ya dashibodi, unapita karibu na betri, unaishia hewani. Umefungwa utepe vizuri sana, kama mtu alikuwa na mpango nao. Mzee amenikataza kuukata hadi tujue ulikuwa wa nini.