Umbali na Ubora: Historia ya Maji ya Ardhini Ikungi, Mkoani Singida, 1971–2019

Historia ya maji vijijini nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya umbali: mwanamke alitembea mwendo gani hadi kisimani, na serikali ilifaulu kuupunguza kwa kiasi gani. Makala haya yanabainisha kuwa huko Ikungi, wilaya iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012, kipimo hicho kimelifunika swali jingine, yaani maji yaliyosogezwa karibu yalibeba nini.

Ikungi imo katika nyanda kame za kati. Mito yake mingi ni ya msimu, na upande wa magharibi ardhi huteremka kuelekea mbuga ya Wembere. Kabla ya visima virefu, wakulima na wafugaji wa Kinyaturu walitegemea malambo na visima vifupi vilivyochimbwa mchangani katika makorongo. Maji hayo yalichafuliwa kwa urahisi na mifugo. Hata hivyo, kwa kuwa yalikuwa ya mvua ya karibuni, kwa kawaida hayakuwa yamekaa mwambani muda mrefu.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 uliolenga kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilikusanya watu katika makazi ya pamoja, na mahitaji ya maji yakaongezeka mahali pamoja. Kisima kirefu kikawa jibu la kawaida. Hata hivyo, viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikuja kupendekeza 1.5 mwaka 1984. Kiwango hicho cha juu hakikutokana na uzembe. Kilikiri kwamba katika mikoa kama Singida, Arusha na Shinyanga, kukataa maji yenye floraidi kungemaanisha kufunga vyanzo vingi bila mbadala. Gharama yake ililipwa na meno ya watoto yaliyogeuka kahawia na, penye floraidi nyingi zaidi, na mifupa iliyopinda.

Chanzo cha tatizo ni mwamba wenyewe. Mvua inapopenya udongoni hukutana na hewa ya ukaa itolewayo na mizizi na vijidudu, ikawa asidi hafifu inayomega matale. Bikaboneti huongezeka, kalsiamu hujitenga na kutulia kama chokaa, na floraidi hubaki bila cha kuizuia isiyeyuke. Mvukizo huizidisha.

Angani, hewa ya ukaa imepanda kutoka takriban sehemu 280 kwa milioni kabla ya mapinduzi ya viwanda hadi zaidi ya 400. Kwa kuwa iliyomo udongoni tayari ni nyingi mno kuliko hiyo, ongezeko hili halibadili sana asidi ya udongo moja kwa moja. Athari yake hupitia joto na mvua. Kumbukumbu za Makutupora, katika mkoa jirani wa Dodoma wenye mwamba wa aina hiyo, zilizoanza miaka ya 1950, zinaonesha kuwa maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997–98. Vipindi virefu kati ya misimu hiyo, vikiambatana na joto kali, huyaacha maji yakae mwambani na kukolea.

Kiwango cha taifa kilishushwa hadi miligramu 4, kisha 1.5 katika muongo wa 2010. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA. Sheria imebadilika, lakini visima vilivyochimbwa kwa kipimo cha zamani vingali vinatumika. Kwa hiyo, takwimu za wilaya zinazohesabu vituo vya maji bila kupima kilichomo ndani yake zinaendeleza mantiki ya 1971. Mafanikio ya mpango ule yalikuwa halisi, kwani yalipunguza mzigo kichwani mwa mwanamke. Kilichosalia ni kuuondoa katika mifupa ya wanawe.