Udhibiti wa wanyamapori viwanjani (Nachingwea na Ruangwa)

Ni kazi ya kuzuia ndege wa porini na wanyama wasigongane na eropleni zinaporuka au kutua. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, inahusu hasa Uwanja wa Ndege wa Nachingwea, uliotokana na mradi wa karanga wa Waingereza (1947–1951).

Migongano mingi hutokea karibu na ardhi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya kishindo huwa mara nne, hivyo hata mwewe mmoja akiingia kwenye injini ni wa kuhofiwa.

Kipindi cha kuangaliwa sana ni mvua za kwanza, Novemba na Desemba. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na mwewe na mbayuwayu huwafuata mpaka juu ya njia ya kurukia. Honi na fataki huwatawanya kwa muda tu, kisha hurudi. Dawa hasa ni kuwanyima chakula na maji: kuondoa vichuguu, kuzibua mitaro, kufyeka nyasi kwa kipimo, na kuweka majalala na machinjio mbali. Kunguru hufuata taka. Mbuzi, ng'ombe na mbwa huzuiwa kwa uzio, na njia hukaguliwa kabla eropleni haijatua.

Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinazitaka nchi kutathmini hatari hii; nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Uwanja wenye safari chache unastahili uangalifu uleule, na kila mgongano, hata usioacha alama, unapaswa kuripotiwa.