Kule Kuna Wenyewe: Wanawake Tuliowasahau Ndani ya Magofu ya Mtoni na Marahubi



Leo sikuleta mshono mpya. Mkate tutaugusa huko mbele inshaallah, lakini kwanza nataka tuzungumze habari ya magofu.

Wiki chache zilizopita bibi harusi mmoja alikuja kwangu kujaribu gauni lake. Nimepiga magoti nampachika pini kwenye pindo, akaniambia anataka kupiga picha zake Marahubi, katikati ya zile nguzo, wakati jua linakuchwa. Mama yake alikuwa amekaa pembeni. Akaruka: "Wewe mtoto una wazimu? Bibi harusi, na mafuta yako na asumini zako, magharibi yote, uende gofuni? Kule kuna wenyewe!"

Mtoto akanitazama nimtetee. Mama akanitazama nimuunge mkono. Mimi nina pini mdomoni, nikashukuru kwamba siwezi kusema.

Lakini usiku ule neno lile halikuniacha. Sisi visiwani tukisema mahali pana wenyewe, tunakusudia majini. Nikajiuliza, na wale watu waliokaa mle kabla ya kuhamwa, walikuwa nani?

Mimi napenda nyumba kongwe tangu niko skuli. Wenzangu wana tamthilia za Kituruki, mimi nina magofu na kuoka mikate. Hadithi zake nimezisikia nyingi kama nyinyi. Chumba cha wageni Mji Mkongwe ambacho mlango wake hujifungua wenyewe. Nyumba ya shamba ambayo usiku wa manane husikika kinu kinatwangwa na hakuna mtu. Nimekuja kugundua jambo moja: karibu kila gofu tunalolikimbia, ukiulizia vizuri habari zake, utakuta kulikuwa na mwanamke ndani.

Mtoni: nyumba ya watu elfu

Ukitoka mjini kwa njia ya Bububu, utapita Marahubi kwanza kisha Mtoni, zote mbili ufukweni. Mtoni ndiyo kongwe zaidi. Ilikuwa nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, akafariki baharini mwaka 1856.

Ndani ya nyumba hiyo, mwaka 1844, alizaliwa binti yake Salme. Wengi mnamjua. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akabadili dini na kuitwa Emily Ruete. Hilo la dini linatuumiza, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kimetuachia habari za uani. Wageni wanaume waliofika Unguja zama zile waliishia barazani, kwa hiyo waliandika ya barazani.

Salme anasema Mtoni ilikaa watu wasiopungua 1,000. Uwanjani walitembea tausi na swala, na watoto wakikimbia katikati yao. Bibi mkubwa alikuwa Bi Azza binti Seif, mke wa ndoa wa Sayyid kutoka Oman, na neno lake lilikuwa neno. Chini yake walikuwa masuria. Kwa wadogo zangu wasiolijua neno hili, suria alikuwa mjakazi aliyemilikiwa ambaye bwana wake alikaa naye kama mke bila ya kufunga ndoa. Kwa sheria yetu mtoto wa suria alikuwa huru na mwenye kurithi kama ndugu zake, na mama aliyezaa na bwana wake hakuweza kuuzwa tena, bwana akifa anakuwa huru. Watoto wa Sayyid Said walioishi baada yake walikuwa wa masuria. Bi Azza hakuacha mtoto.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, Mcherkesi. Wazazi wake waliuliwa vitani, yeye na ndugu zake wakachukuliwa, wakatenganishwa njiani. Hakupata tena kusikia habari zao. Alifika kwa Sayyid akiwa mtoto wa miaka saba au minane, na jino lake la kwanza la utoto lilingokea humo ndani. Mimi ni mama, nilipofika hapo nilikifunika kitabu kwanza. Tunasema "kasri", tunaona hariri na dhahabu. Kumbe mle mlikuwa na mtoto anayeng'oka jino, na mama yake hayupo wa kumwambia alitupe juu ya paa.

Jilfidan alifariki mwaka 1859 kwa kipindupindu. Salme naye alijifunza kuandika kwa siri, maana wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani lakini si kuandika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za Msahafu moja moja. Laiti asingefanya hivyo, habari za mama yake zingezikwa naye.

Jikoni mwao

Nilichokipenda zaidi katika maelezo yake ni jiko. Unga, mchele na sukari viliingia kwa magunia. Samli ilitoka kaskazini, hasa Socotra, ikiwa imeyeyuka ndani ya mitungi mikubwa. Viungo tu ndivyo vilivyopimwa kwa ratili. Matunda yalibebwa kila siku na wachukuzi thelathini, arubaini, hata hamsini. Samaki wadogo walihesabiwa kwa vikapu na kuku kwa dazeni.

Sisi tunaopika biashara tunajua hesabu hiyo maana yake nini. Unga haujikandi. Gunia la mpunga halijitwangi. Nyuma ya kila sinia iliyopelekwa ukumbini palikuwa na mikono iliyoamka kabla ya alfajiri, na Salme, pamoja na wema wake wote wa kutuandikia, hakutuandikia majina ya mikono hiyo. Alikuwa binti wa mfalme, na watu wa jikoni aliwaona kwa mbali.

Marahubi na sheria iliyowaacha nyuma

Sasa tuje Marahubi, kule alikotaka kwenda bibi harusi wetu. Kasri hili alilijenga Sayyid Barghash, mtoto wa Sayyid Said, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini. Marahubi aliwaweka masuria wake. Zile nguzo nene zinazopendeza kwenye picha zilibeba baraza la mbao la juu, lenye hewa ya bahari. Pembeni zimebaki hamamu na mahodhi ya maji.

Sayyid Barghash alifariki mwaka 1888. Kasri likaungua moto mwaka 1899, mbao zote zikateketea, zikabaki kuta na nguzo.

Katikati ya miaka hiyo miwili kuna mwaka 1897. Skuli tulifundishwa kwamba ndio mwaka utumwa ulipofutwa Unguja, kwa amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed. Ambacho mimi sikufundishwa ni kwamba amri ile haikuwahusu masuria. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda kudai uhuru wake. Suria hakuweza, isipokuwa athibitishe kuwa ametendewa ukatili. Masuria walipata haki hiyo mwaka 1909, miaka 12 baadaye.

Miaka 12, wapenzi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1897 angekuwa ameshahitimu Msahafu na ameanza kufunga. Walioandika amri ile walisema hawataki kuvuruga majumba ya watu. Hakuna aliyewauliza wenye kukaa ndani ya majumba hayo.

Hata kule Dunga, kwenye kasri la Mwinyi Mkuu, hadithi ya kutisha inayosimuliwa ni kwamba watumwa waliuliwa wakati wa ujenzi ili jengo liwe na nguvu. Hiyo ni simulizi ya mdomo. Lakini tazama inamtaja nani. Wazee wetu hawakuwa na karatasi ya kuandika dhulma, wakaiweka ndani ya hadithi ya mashetani, na hadithi ikafika kwetu bila ya maelezo yake.

Mkate wa bibi

Marehemu bibi yangu mzaa mama, Allah amrehemu, ndiye aliyenifundisha mkate wa mayai. Hakuwa na oveni. Mayai na sukari tunapiga mpaka mkono uingie ganzi na rangi ianze kuwa nyeupe, ndipo unga unaingia kidogo kidogo na hiliki. Kisha sufuria juu ya mkaa mchache, kifuniko cha bati, na makaa mengi juu ya kifuniko. Moto wa juu lazima uushinde wa chini. Ukikosea unapata mkate ulioungua tako na mbichi tumboni.

Siku moja tunasubiri mkate uive, nikamuuliza kwa nini tukipita na daladala njia ile ya magofu yeye hugeuza uso na kusoma kimyakimya. Nilidhani ataniambia ya majini. Akaniambia: "Bibi yangu mimi alikuwa mtwangaji kwenye nyumba kubwa, shamba. Alichukuliwa mdogo, kwao alikuwa hapajui tena. Nikiona kuta kama zile, namsomea yeye."

Nikanyamaza. Akainua kifuniko, akatazama mkate, akasema, "Na huu kupalia makaa juu, unafikiri mimi nilifundishwa na nani?"

Basi wapenzi, mimi tangu siku hiyo nikisikia hadithi ya kinu kinachotwangwa usiku katika nyumba isiyo na mtu, sikimbii tena. Namsomea Fatiha bibi wa bibi yangu, ambaye hata jina lake sikuliuliza kwa wakati.

Kinachoangusha nyumba

Majini wapo, sisi Waislamu hatukatai, wana sura yao ndani ya Qur'ani. Lakini sura hiyohiyo inatueleza kwamba watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila mashaka. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akimtaja Mwenyezi Mungu anapoingia nyumbani kwake na anapokula chakula chake, shetani hukosa malazi na hukosa chakula cha usiku humo. Malazi na chakula, vyote viwili vinalindwa kwa Bismillahi. Kwa hiyo mwenye adhkar zake haishi kwa kuogopa kuta.

Kinachoangusha nyumba zetu ni maji na uzembe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa inataka kutiwa upya kila baada ya muda. Paa likivuja na likaachwa, maji yanaingia ukutani, boriti inaoza kimyakimya, na siku moja dari linashuka. Ukipiga saruji juu ya ukuta wa chokaa unazuia unyevu usitoke, unaoza ndani kwa ndani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu 2 wakafariki. Jini hakutajwa. Ilikuwa nyumba kubwa iliyochoka kusubiri.

Na habari za watu ni kama chokaa. Zisipotiwa upya na kila kizazi, zinaanguka, halafu wajukuu wanasema pale pana shetani.

Bibi harusi wetu

Mtataka kujua yaliishia wapi. Alipokuja kuchukua gauni nilimweleza yeye na mama yake haya niliyokuandikieni, nikiwa sina pini mdomoni safari hii. Mama alikaa kimya muda, kisha akasema, "Basi twende asubuhi. Na mimi nitakuwepo."

Walikwenda saa mbili asubuhi. Picha moja ananionyesha: bibi harusi amesimama kati ya nguzo mbili, amejistiri vizuri na shela lake, na mama yake kando ameinua mikono anaomba dua. Aliniambia mama alikataa kupiga picha mpaka kwanza wawaombee waliokaa pale. Picha hiyo ndiyo aliyoiweka ukutani.

Basi shoga yangu, kama una bibi hai, usimuulize ya mashetani peke yake. Siku mnapika pamoja, makaa yako juu ya kifuniko na mkate haujaiva, muulize nani alimfundisha, na aliyemfundisha alitoka wapi, na aliitwa nani. Liandike jina hilo hata nyuma ya daftari la hesabu za duka. Mimi nimechelewa, wewe usichelewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotutangulia, wenye majina na wasio na majina, azibariki nyumba zetu na azijaze utajo wake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.