"Umeokoka Lini?": Hiari, Dhambi na Kuzaliwa Mara ya Pili katika Kanisa la Buhaya

Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani, akiwemo Ernst Johanssen, walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta Wahaya wachache waliokwisha kulisoma Neno la Mungu huko Buganda. Kazi ikakua kwa njia iliyozoeleka: mafundisho, ubatizo, kipaimara, Meza ya Bwana. Baada ya miaka ishirini na kitu, watoto walikuwa wakiletwa kwenye ubatizo na wazazi ambao wenyewe walibatizwa wakiwa wadogo, na katika koo nyingi Ukristo ulianza kurithiwa kama shamba la migomba.

Uamsho ulilikuta Kanisa katika hali hiyo. Moto wake uliwaka Gahini nchini Rwanda, katika kituo cha Waanglikana alikofanya kazi daktari Joe Church, ambaye mwaka 1929 alikuwa amekutana na Simeoni Nsibambi mjini Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulivuka mpaka na kuingia Buhaya. Mwaka 1939 vita vikaanza, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na baadaye Waswidi wakaja kusaidia. Kwa hiyo mabishano makubwa ya imani yaliwaangukia zaidi wachungaji, walimu na wazee wa Kihaya wenyewe.

Walokole, kama walivyoitwa, walikuja na swali moja: "Umeokoka lini?" Mzee wa kanisa aliyebatizwa na kutoa sadaka zake bila kukosa aliulizwa hivyo na kijana wa umri wa mjukuu wake, tena mbele za watu. Wengi waliudhika, na haifai kuficha kwamba baadhi ya walokole waliuliza kwa kiburi. Lakini kulikuwa na hoja nzito kuliko adabu. Ikiwa mtu huzaliwa mara ya pili siku anapoamua mwenyewe kumfuata Yesu, ubatizo wa mtoto mchanga ulifanya nini? Na kama ubatizo ulikwisha kutenda yote, mbona waliobatizwa waliendelea kuiba, kulewa na kwenda kwa waganga usiku?

Swali hilo halikuzaliwa Buhaya. Mwaka 1524 mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam aliandika kuitetea hiari ya mwanadamu. Alitumia Kumbukumbu la Torati 30, ambapo watu huambiwa wachague uzima: Mungu angemwamuruje achague mtu asiyeweza kuchagua? Luther alimjibu mwaka 1525 kwamba amri humwonyesha mtu anachopaswa kufanya, wala si anachoweza. Alifananisha hiari na mnyama wa kupandwa, aendaye atakako aliyempanda, akiwa Mungu au Shetani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 18, likapima jambo hilo kwa utulivu zaidi: katika mambo ya nje ya maisha haya mtu ana hiari kiasi, ila bila Roho Mtakatifu hawezi kumcha Mungu wala kumwamini kwa moyo.

Kwa mizani hiyo, neno "nimeamua" lilikuwa na hatari. Uamuzi waweza kugeuka tendo la kujivunia, kama vile sadaka ya yule mzee. Hata hivyo, ukiusikiliza ushuhuda wa walokole wenyewe, ni wachache waliojisifu kwa kuamua. Walisema walikuwa wamekufa katika dhambi, Yesu akawapata, damu yake ikawatakasa. Mlokole aliyerudisha mali ya wizi kwa mwenyewe hakusema amenunua wokovu. Alisema hawezi tena kulala na kitu cha mtu nyumbani mwake. Katika hilo alikuwa karibu na Luther kuliko alivyodhani mchungaji aliyempinga, kwa maana Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hufundisha kwamba ubatizo wataka Adamu wa kale azamishwe kila siku kwa toba. Walokole waliliita jambo hilo kutembea nuruni, wakilichukua kutoka 1 Yohana 1:7.

Si wote waliopatana. Wako waliojitenga. Lakini wengi wa ndugu wa Uamsho walibaki katika sharika zao, wakakutana katika vikundi siku za juma na kuketi katika viti vile vile Jumapili.

Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925, aliokoka katika Uamsho mwaka 1947. Mwaka 1964 alimrithi Bengt Sundkler kama askofu, na ndiye Mhaya wa kwanza kukishika kiti hicho. Hakukana ubatizo aliopewa utotoni, wala hakuionea haya siku ya wokovu wake. Mwaka 1977, wajumbe wa Shirikisho la Kilutheri Duniani walipokutana Dar es Salaam, walimchagua kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza. Hadi kufa kwake mwaka 1988 alihesabiwa miongoni mwa ndugu, na miongoni mwao aliitikia salamu ya Tukutendereza kama mlokole yeyote wa kijijini.