Gombo Limerudi: Ukurasa Mrefu wa Tovuti na Hesabu ya Beti

Alief, kusini-magharibi mwa Houston, ilipewa jina la Alief Ozelda Magee, mwanamke aliyesimamia posta yake ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19. Aliyepita chuoni utotoni atasikia humo alifu ya Kiarabu, ingawa majina hayo hayana undugu. Leo kandokando ya Bellaire Boulevard, kwenye mabango ya Kichina na Kivietinamu, wamo pia wasemaji wa Kiswahili, wengi wao Wakongo waliofika kama wakimbizi. Kiswahili chao cha maandishi hukisoma kwenye simu, kwa kidole gumba, katika ukurasa mmoja usiogeuzwa bali unaoteremka tu.

Umbo hilo ni la kale. Vitabu vya mafunjo vya Misri, Ugiriki na Rumi vilikuwa magombo, na ilichukua karne kadhaa, takriban kuanzia ya 1 hadi ya 4 BK, kitabu cha kurasa kushika nafasi yake. Tovuti nazo zilianza kwa kuliogopa gombo: Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alionya katikati ya miaka ya 1990 kwamba wasomaji hawateremki, kisha akalegeza msimamo mwaka 1997. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, jambo ambalo baadaye amelijutia hadharani. Simu za kugusa zikamalizia kazi.

Msomaji wa gombo hili jipya hapungukiwi na maandishi. Anapungukiwa na mahali. Mtu wa Alief anayejadili insha na nduguye wa Bukavu humwelekeza hivi: "Shuka, shuka tena, pale baada ya picha." Mtafiti naye hunukuu anwani ya tovuti, na anayetaka kumhakiki hulazimika kusoma yote. Kwa lugha ambayo insha zake nyingi sasa hazichapwi kamwe kwenye karatasi, hilo si usumbufu mdogo. Hoja isiyoweza kuonyeshwa ilipo ni vigumu kuijibu.

Hata hivyo, naona wanaolilaumu gombo wanakosea mshtakiwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000, na utendi kwa asili yake ni mrefu, unaoteremka bila sura. Kila mnakili aliukata alipoishiwa na karatasi. Waandishi wa hati za Kiarabu walikuwa na hila nzuri: chini ya ukurasa waliandika neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili kurasa zikivurugika mpangilio usipotee. Hila hiyo, lakini, ilihifadhi mfuatano wa nakala moja tu. Kilichowawezesha wahariri na wahakiki wa baadaye kuzungumza kuhusu utendi mmoja ni ubeti: mistari minne, mizani minane kila mmoja, kina cha mwisho kikiufunga. Ubeti huhesabika popote ulipoandikwa, iwe kwenye hati ya Lamu au kwenye kioo cha simu.

Nathari haina kina cha kuifunga, hivyo aya zake zinahitaji namba. Mahakama za juu za Uingereza zililiona hilo mapema: tangu Januari 2001 aya za hukumu zao huhesabiwa, na wakili hutaja aya, si ukurasa.